Karafuu Katika Shamba la Kuazima

Devotha alikuwa fundi cherehani mjini Morogoro. Alikodi kibaraza karibu na soko, akashona sare za shule, magauni ya kipaimara na nguo za maharusi, na kwa kazi hiyo alimsomesha binti yake wa pekee, Rosa, baada ya mumewe kufariki mapema. Mtaani hakuna aliyemwita Devotha. Alikuwa Mama Rosa, mama wa maneno machache, asiyependa kugombana na mteja hata kama mteja amekosa.

Mjini alikuwa mhamiaji kama wengine. Kwao ni milimani, kijiji kilicho juu ya Matombo, kwenye miteremko ambako mtu akisimama shambani kwake anaona bati la jirani chini ya miguu yake. Huko alikuwa na shamba alilolipata kwa mama yake. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na lukolo, yaani ukoo wa mama, ndio unaojua nani alime wapi. Mama alipofariki, mjomba Tomasi aliyekuwa mkubwa wa lukolo alimtembeza Devotha mipakani mbele ya ndugu. Juu kulikuwa na jiwe kubwa lenye kuvu, chini kijito, upande mmoja shamba la binamu yake Magreth, upande wa pili njia ya kwenda kanisani.

"Hili ni lako sasa," mjomba alimwambia. "Ila lisilale. Shamba likilala, watu huanza kuliota."

Devotha angelilimaje, naye yuko mjini na cherehani? Magreth alikuwa na eneo lake la kumtosha. Ndipo akamfikiria Rehani.

Rehani alikuwa kijana wa Gairo. Alikuja Matombo na mkewe Zainabu baada ya mahindi yao kukauka misimu miwili mfululizo, akawa anabeba mikungu ya ndizi kutoka mashambani hadi barabarani kwa ujira. Siku ya kumzika mama yake Devotha, Rehani alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Wengine walipoweka majembe chini, yeye alibaki anasawazisha kingo kwa mikono, kana kwamba aliyekufa ni wa kwao. Devotha alimwona, na hilo likamkaa moyoni.

Kabla ya kurudi mjini alimwita, mjomba Tomasi akiwepo.

"Kaka Rehani, nakuazima shamba la mama. Lima mahindi, maharage, mihogo, chochote cha msimu. Miti ya kudumu usipande, na nyumba ya tofali usijenge. Siku nikilihitaji nitakwambia, nawe kwanza utavuna ulichopanda."

"Nimeelewa, dada. Mungu akulipe."

"Na ngoto usisahau," mjomba aliongeza.

Ngoto ni kikapu cha mavuno ambacho anayelima kwenye ardhi ya mwingine humpelekea mwenyewe. Hakilingani na kodi, maana pengine ni maharage ya mboga ya siku chache tu. Maana yake ni kwamba wote wawili wanakumbuka udongo ni wa nani.

Hawakuandika kitu. Nani angeandika, na wakati huo neno la mjomba Tomasi kijijini lilikuwa na nguvu kuliko muhuri?

Ngoto ililetwa kweli, na mletaji alikuwa Zainabu. Kila baada ya mavuno alishuka na kikapu kichwani hadi barabarani, akapanda gari la Matombo, akafika kibarazani kwa Devotha na vumbi au tope hadi magotini. Walikaa pamoja wakanywa chai. Zainabu alisimulia habari za kijijini, Devotha akampa vipande vya vitambaa vilivyobaki ili awashonee watoto. Ukaribu wao ulianza hivyo, na kila mmoja aliuthamini bila kuutaja.

Mwaka mmoja wa masika makali, Zainabu alifika akiwa na mimba kubwa ya Abdi, mwanawe wa kwanza wa kiume, amelowa chapachapa kwa kuwa gari lilikwama njiani wakatembea sehemu ya safari. Devotha alipomwona alitaka kulia.

"Jamani Zainabu! Kikapu cha maharage ndicho kikutoe roho? Basi, kuanzia leo msilete tena. Kuleni wenyewe na watoto. Mimi nawajua, nanyi mnanijua."

"Baba yao atasema nini?"

"Mwambie nimesema mimi."

Alisema kwa huruma. Toka siku hiyo ngoto ilikoma. Mjomba Tomasi hakuwepo wa kuuliza, kwa kuwa naye alikuwa amekwishatangulia mbele ya haki.

Miaka ikaenda. Siku moja Devotha alikuwa anampima bibi harusi gauni, pini amezibana midomoni, simu ikaita. Alikuwa Rehani.

"Dada, huku mvua zinachukua udongo wote. Mahindi hayashiki mteremko. Naomba nipande karafuu kule juu, mizizi yake itazuia."

Bibi harusi alikuwa anageuka geuka mbele ya kioo, mama yake analalamika kuhusu mkono wa gauni. Devotha alijibu kwa kona ya mdomo: "Panda tu, kaka."

Akakata simu, akaendelea na pini.

Karafuu zilikua. Alipopanda mlimani kwa misa ya kumkumbuka mama yake, alizikuta zimesimama kwa mistari, majani yanang'aa, harufu yake inamfikia mtu kabla hajaiona miti. Alizisifia kwa dhati. Safari nyingine alikuta nyumba ya tofali za kuchoma. Alikumbuka masharti, lakini Zainabu alikuwa amemchinjia kuku, watoto wanamsalimia shikamoo bibi mmoja baada ya mwingine, na Devotha akaona ni ubaya kuuliza habari za nyumba huku anakula. Alisema tu, "Mmejenga."

"Ile ya miti ilikuwa inavuja, dada," Rehani akajibu. Mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine.

Kilichomrudisha nyumbani ni macho. Yalianza kukataa uzi, kisha yakakataa mshono mweusi kwenye kitambaa cheusi. Daktari alimwambia atibiwe na apumzike, na mwenye kibaraza akataka kukipangisha kwa vijana wa vifaa vya simu. Devotha akawaza kijito, migomba, na hewa ya milimani. Rosa, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alimshauri aliuze shamba apate chumba huko kwake. Devotha alikataa. Ardhi aliyoachiwa na mama angemwachia naye binti. Hakuona kwamba ni yake ya kuuza.

Hata kabla hajafunga kibaraza, Magreth alimpigia simu.

"Devotha, upo umekaa tu? Wapimaji wako huku. Kijiji kizima kinapimwa, watu wapate hati za kimila. Leo wamefika kwetu. Wameuliza huu mpaka ni wa nani na nani, Rehani akasimama akasema ni wangu na wake!"

"Amesema wake?"

"Nimemsikia kwa masikio haya. Nimepinga, wameandika kuwa lina mgogoro. Njoo."

Devotha alikaa kwenye kiti cha wateja. Hakusikia hasira kwanza. Alisikia aibu, kama mtu aliyegundua kuwa nguo aliyoshona mwenyewe ameikata vibaya.

Asubuhi yake alikwenda kwa Latifa, msaidizi wa kisheria aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja mjini. Latifa alikuwa na umri wa Rosa. Alimsalimia shikamoo, akamwekea kiti, akamwacha aseme mpaka mwisho.

"Mama, nikuulize. Kuna maandishi yoyote?"

"Hakuna."

"Shahidi aliyekuwepo siku unamwazima?"

"Mjomba. Amefariki."

"Ulimruhusu miti?"

"Kwa simu."

"Sikufichi, mama. Sheria ina muda wa kudai ardhi, miaka kumi na miwili. Mtu akikaa kwenye shamba lako muda huo waziwazi kama lake, nawe umenyamaza, anaweza kuja kusema umechelewa. Lakini kuna neema moja. Mtu uliyemkaribisha ni mwalikwa tu. Mwalikwa hageuki mwenyeji kwa sababu amekaa sana. Hata akae mpaka azeeke, bado ni mwalikwa."

"Basi nimepona."

"Bado. Yeye atasema hukumkaribisha, alikuta pori akafyeka. Wewe utasema ulimkaribisha. Binamu yako ni ndugu yako, watasema anakupendelea. Miti ya kudumu ni yake, nyumba ni yake, na ngoto mliacha. Kila alama iliyokuwa inaonyesha shamba ni lako, imefutika." Akaongeza kwa upole, "Nyingine umeifuta mwenyewe, mama, kwa wema."

Maneno hayo yalimsindikiza Devotha njia nzima hadi Matombo.

Alimkuta Rehani anaanika karafuu juu ya mkeka. Alikuwa ameota mvi. Alimkaribisha kwa heshima zilezile, akamletea kigoda.

"Kaka Rehani, nimekuja kukaa. Macho yamechoka. Nalihitaji shamba la mama."

Rehani aliendelea kuzigeuza karafuu kwa kiganja. "Dada, nikae wapi mimi? Watoto wangu hawaijui Gairo. Wakipanda gari stendi ya Msamvu kwenda huko watakuwa wageni. Hapa nilipofika palikuwa na magugu na udongo unaoteremka. Huu mlima nimeushika mimi, kwa mikono hii."

"Sikatai jasho lako. Ila kwa wapimaji ulisema ni lako."

"Ningesema la nani? Ningesema si langu, hati ingetoka, kesho Rosa aje auze, mimi niende wapi na umri huu?"

Kumbe Rehani naye alikuwa na hofu. Devotha hakuwahi kufikiria hivyo. Miaka yote alijiona yeye ndiye aliyetoa, na mwenye kutoa hana haja ya kujua mpokeaji analalaje. Lakini kuelewa hakukumwondolea uchungu. Waliachana bila kuagana.

Shauri lilipelekwa kwenye baraza la ardhi la kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha kabla watu hawajashuka wilayani. Walikaa kwenye ofisi ya kijiji, madirisha wazi, majirani wamejazana nje. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Jonathan, mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ndogo.

"Rehani, tuambie uliingiaje shambani."

"Mwenyekiti, nilikuta pori. Nikafyeka, nikalima. Hakuna aliyenizuia. Nimepanda karafuu, nimejenga, kila mtu anaona. Mwenye shamba gani anaona hayo yote akanyamaza?"

Nje watu walinong'ona. Swali lilikuwa zito. Devotha alieleza kwa upande wake habari ya mazishi, ya mjomba Tomasi, ya masharti. Magreth akasimama kuunga mkono, na ilitokea kama Latifa alivyosema, mjumbe mmoja akakumbusha kwamba hao ni watoto wa ndugu.

Jonathan akatazama huku na huku. "Kuna mwingine anayejua namna walivyopatana?"

Zainabu alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, kanga ameivuta hadi kwenye paji la uso. Alikuwa amekuja kama mke wa mdaiwa, si kama shahidi, na hakuna aliyemtazamia aseme kitu. Alisimama taratibu.

"Mwenyekiti, ngoto nilibeba mimi."

Rehani aligeuka. "Mama Abdi, kaa chini."

"Nimekaa chini sana," Zainabu alisema. "Nilibeba kikapu kichwani nikashuka nacho mpaka mjini, mwaka hadi mwaka. Kama shamba lilikuwa letu, nilikuwa nampelekea nini Mama Rosa? Na aliyesema tuache ni yeye, alinionea huruma na mimba. Siwezi kuigeuza huruma ya mtu iwe kosa lake. Nitakufa, nitaulizwa."

Rehani aliinamisha kichwa, mikono kati ya magoti. Lakini Zainabu hakuwa amemaliza.

"Ila na yeye aseme. Karafuu hatukupanda kwa wizi. Aliombwa, akaturuhusu."

Sasa macho yote yalikuwa kwa Devotha. Alijua vizuri anaulizwa nini. Simu ile waliisikia wawili tu, yeye na Rehani. Akikana, maneno ya Zainabu juu ya karafuu yatabaki ya kuambiwa na mumewe, na shamba litarudi tupu mikononi mwake, miti ihesabiwe ya mtu aliyevunja masharti. Magreth alimgusa mguu kwa mguu chini ya benchi.

"Devotha," Jonathan alisema, "ulimruhusu?"

"Nilimruhusu," Devotha alijibu. "Nilikuwa na pini mdomoni, akili yangu ilikuwa kwenye gauni la watu. Lakini nilisema panda. Na nilipoziona zimeota nilizisifia. Nyumba sikumruhusu, ila niliiona nikanyamaza."

Jonathan alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mkishuka wilayani," alisema, "mtamaliza miaka, na mtarudi hapahapa mkiwa majirani msiosalimiana. Semeni ninyi mnataka nini."

Walizungumza mpaka mchana. Haikuwa rahisi. Rehani alitoka nje mara mbili, mara ya pili Abdi, ambaye sasa ni kijana mkubwa, akamfuata wakasimama pamoja wakiangalia mlima. Mwishowe walipatana. Shamba lote ni la Devotha na hati itoke kwa jina lake. Eneo la chini, lenye migomba karibu na kijito, analichukua mara moja. Karafuu za juu, Rehani na Zainabu waendelee kuzitunza na kuzivuna, mavuno wagawane na mwenye ardhi, na waendelee kuishi kwenye nyumba yao muda wote makubaliano yakiwa hai. Hakuna mti mpya wala chumba kipya bila idhini ya maandishi. Latifa, aliyekuwa amekuja kutoka mjini, alisaidia kuyaandika yote, na wajumbe wakatia saini.

Devotha aliongeza sharti moja ambalo hakuna aliyelitegemea. Alitaka jina la Zainabu liandikwe pamoja na la mumewe.

"Kwa nini?" Rehani aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kumwambia tangu baraza lianze.

"Mjomba alikufa, maneno yake yakafa naye. Ukitangulia wewe, ndugu zako watakuja kutoka Gairo wamwambie Zainabu hana lake. Nikitangulia mimi, Rosa atakuja awaambie hana habari. Mimi sitaki tena kumpa mtu shamba kwa mdomo."

Rehani alitia saini, na Zainabu akaweka dole gumba chini ya jina lake, taratibu, kama anagusa kitu cha moto.

Isidhaniwe kwamba baada ya hapo waliishi kwa raha. Rehani alimnunia mkewe muda mrefu. Alikula peke yake, akaenda Gairo bila kuaga, akakaa huko hadi watu wakasema hatarudi. Zainabu alipalilia karafuu na watoto. Devotha, katika nyumba ndogo aliyojengewa karibu na kijito, alijiuliza mara nyingi kama alishinda. Sheria ilimpa shamba, lakini wanawake wawili waliokuwa wakinywa chai pamoja sasa walisalimiana kwa mbali, kila mmoja anaogopa kuonekana anamshawishi mwenzake. Alimwambia Magreth siku moja, wakiwa wanamenya mihogo, kwamba laiti angesema yale masharti kila mwaka, na wala si kwa ukali, Rehani asingepata nafasi ya kusahau. "Mtu akila jasho lake muda mrefu," alisema, "anasahau sahani aliazima kwa nani. Na mimi mwenye sahani niliona haya kumkumbusha. Sasa nani alimwonea mwenzake?"

Magreth, ambaye hapendi maswali ya namna hiyo, alijibu kuwa mihogo inaingia weusi.

Rehani alirudi karafuu zilipokaribia kuiva. Alichukua ngazi yake akaanza kazi.

Hati ilipotoka, Devotha alimwita Rosa aje kutoka Dar es Salaam. Hakumwita kuona karatasi. Alitaka aijue ardhi kwa miguu, kama yeye alivyotembezwa. Lakini magoti yalikuwa hayampandishi tena hadi juu kabisa, na Magreth alikuwa na homa. Wakasimama pale chini, mama na binti, wanaangalia mteremko.

Rehani aliwaona kutoka kwenye ngazi. Alishuka, akafuta mikono kwenye suruali, akaja.

"Rosa," alisema, "hujambo mwanangu. Vua hivyo viatu, huko kunateleza. Njoo nikuonyeshe mwisho wa shamba lenu."

Devotha alikaa juu ya gogo akawasikiliza wakipanda. Sauti ya Rehani ilikuwa inaeleza, hapa maji hupita masika, hapa usikate huu mti udongo utaondoka, hapa ndipo la Magreth linapoanzia. Rosa aliuliza kitu, akajibiwa, akacheka. Kisha majani yakawafunika, na Zainabu akatokea jikoni kwake na birika, akaja akakaa kwenye gogo lilelile.